Koti Jeupe la Shemeji Gennadi

Ndugu waombolezaji, naitwa Medard, kaka wa mjane, nasimama kwa niaba ya familia, na historia hii nitaisoma jinsi ilivyo, ingawa sehemu yake moja inanitia aibu.

Marehemu Gennadi Pavlovich Zarubin alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Voronezh, Urusi, mtoto pekee wa fundi wa reli, akasoma hukohuko mpaka chuo cha sanaa za maonyesho, alikohitimu Juni 1983, kisha akawa mwigizaji wa jukwaani kwa zaidi ya miaka thelathini, akaandika tamthilia kumi na moja, nne zikachezwa, saba zimo sandukuni chini ya kitanda chake. Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na dada yetu Gaudiosa, aliyekuwa masomoni huko, na Mungu akawajalia binti, Nelly, aliyezaliwa 2 Mei 2013.

Septemba 2016 walihamia hapa Guangzhou, China, dada alipopata kazi ofisi ya mizigo mtaa wa Sanyuanli, lakini shemeji hakupata jukwaa, maana nani hapa angemsikiliza akiigiza Kirusi? Mimi ndiye niliyemtafutia kibarua. Laoban mmoja, bosi wa vidonge vya mitishamba, alitaka mzungu wa kusimama bandani kwake kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, avae koti jeupe, aitwe daktari. Shemeji alikataa mara mbili, nikambembeleza, akakubali kwa ajili ya shule ya Nelly, na aliigiza vizuri mno, jamani, mpaka picha yake ikabandikwa kwenye makopo, nami kwa ujinga wangu nikatuma katoni mbili nyumbani kwa mama yetu, Kamachumu.

Oktoba mwaka jana tumbo lilianza kumsumbua, na mimi niliyemvisha lile koti nikampa vidonge vilevile. Akaniambia, "Shemeji, mimi nimeigiza tu, wewe umeamini?" Akavimeza hivyohivyo, ili tusikosane. Tulipomfikisha hospitali tarehe 9 Januari 2025, saratani ya ini ilikwisha kusambaa, akafariki Jumanne tarehe 18 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 64.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zetu, wenzake dada kazini, na Bi Hasna aliyemletea uji kila siku.

Sijamaliza. Mama yetu, mama mkwe wa marehemu, anatusikiliza kwa simu kutoka Kamachumu. Tangu Desemba ameacha dawa zake za presha, anameza vidonge vya kwenye kopo lenye picha ya mkwewe, mkono wa kushoto umeanza kufa ganzi, na kila tukimsihi anatujibu, "Daktari wangu ni mkwe wangu, nyie mmesomea wapi?" Tuliona haya kumwambia ukweli.

Mama, Gennadi hakuwa daktari. Alikuwa mwigizaji, tena mwigizaji hodari, na aliyemponza ni mimi mwanao. Nimepiga magoti mbele ya jeneza lake, watu wote wananiona, nakuomba utupe makopo hayo, jirani yako Joshua yuko hapo nje ya nyumba na gari, panda akupeleke hospitali sasa hivi.

Shemeji, pumzika kwa amani, utusamehe. Mama, bado upo? Mama, nijibu.