Aminieli Mmari na Pikipiki Tuliyoipaka Rangi

Karibuni, lakini nianze na linaloniuma. Nusu yenu mnaoshika karatasi hii sijawaona hapa Mfereji wa Juu tangu tulipomzika mzee Filemon. Mko Moshi mjini. Mko mtaa wa Soweto hapo chini, nikisimama mlangoni pa jiko la ushirika naona mabati yenu yanang'aa, na bado hampandi! Mpaka mtu astaafu ndiyo mnakumbuka njia. Aminieli ameshinda hapa miaka thelathini na mmoja, mikono imejaa grisi, mngemwona siku yoyote mliyotaka. Haya, kaeni. Chai inakuja.

Aminieli Mmari, fundi na dereva wa pikipiki wa Ushirika wetu wa Maziwa, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliajiriwa mwaka 1994. Mimi nilimkuta mwaka 1999 nilipokuja kupika chai na kuosha madumu, kwa hiyo katika wafanyakazi hakuna anayemjua kunizidi. Shuleni sikupelekwa. Nasema, Kindness wa ofisini anaandika, na nimemkataza asinipambie maneno.

Alianza na baiskeli. Alikuwa anashuka mjini na madumu mawili ya maziwa, breki za kubahatisha, soli ya kiatu ndiyo breki ya kweli. Alimaliza jozi tatu za viatu mwaka wa kwanza, ushirika ukaona heri kununua pikipiki. Ilikuja kuukuu, haina anayeielewa, basi akapelekwa kwenye gereji moja mjini miezi sita. Aliondoka hapa anajua kuendesha, akarudi anajua kusikiliza. Tangu hapo amezilea pikipiki nne, na amempandisha na kumshusha kila daktari wa mifugo aliyepangiwa kwetu. Maziwa yetu yamewahi kumwagwa kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya daraja kuvunjika. Kwa sababu ya Aminieli, hapana.

Ana kasoro zake. Kwaya ya kanisani anaimba sauti ya tano peke yake, na haipo kwenye wimbo. Kikombe cha chai hajawahi kukirudisha. Na ukimharakisha anakuwa mzito zaidi, kama ng'ombe anayevutwa kamba.

Pikipiki ikikataa kuwaka, wanaume wengine hupiga kiki mpaka goti linavimba, kisha huitukana. Aminieli anageuza dumu tupu, anakalia, anaitazama. Kwanza petroli, inafika au haifiki. Halafu cheche, ipo au haipo. Anafungua plagi na kuinusa kama mimi ninavyonusa maziwa asubuhi. Ikiwa imelowa petroli, anajua mafuta yanafika na kosa liko kwenye umeme. Kutoka hapo anafuata waya kwa waya. Hata ungemwambia nyumba yake inaungua, hatua moja haruki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niombe kusema mimi, badala ya mwenyekiti.

Mwaka 2022 ushirika ulitimiza miaka thelathini, tukawa tunangoja wageni. Kwenye kikao nilisimama nikasema ni aibu, pikipiki ya ushirika ina kutu kama bati la choo, ipakwe rangi. Aminieli akajibu, "Haiendi kipaimara hiyo. Iacheni." Wanawake tulicheka, tukanyoosha mikono, tukamshinda. Yeye akaenda Siha kumzika mjomba wake. Huku nyuma nikamwita Anold mpaka rangi, nikasimama pembeni yake kama askari. Alifungua kila kilichofunguka, akapaka kijani, akafunga. Akiacha sehemu, mimi namwonyesha kidole: na hapo, na hapo, na hapo ndani.

Aminieli aliporudi aliizunguka mara mbili.

"Mmeipaka hadi roho," akasema.

Ikawaka. Wageni wakaja, wakapiga nayo picha. Nilimcheka wiki nzima.

Wiki ya tatu, mvua za mwezi wa nne zimepamba moto, ng'ombe wangu Hosana akazaa alfajiri. Huyu Hosana alizaliwa Jumapili ya Mitende, ndiyo jina lake. Alikuwa ndiye pekee niliyebaki naye baada ya mwenzake kufa kwa ndigana, ile homa ya kupe. Mtoto jike, mzima, amesimama mwenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikamwachia mkwe wangu Eliza zizi, nikashuka kazini. Saa nne simu ikalia.

"Mama, Hosana ameanguka," Eliza anahema. "Hataki kuinuka. Kichwa amekigeuzia ubavuni na masikio yamekuwa ya baridi."

Daktari Leodegar alikuwa anakunywa chai yangu hapo hapo. Aliweka kikombe chini.

"Ni homa ya maziwa, mama. Kalsiamu yote ya mwilini imekimbilia kwenye maziwa. Ninayo chupa, nikimwingizia kwenye mshipa polepole anasimama."

"Na usipofika?"

"Amebakiza saa moja na nusu. Labda mbili. Nisikudanganye."

Kwangu ni kilomita tisa za kupanda. Kwa pikipiki ni dakika ishirini na tano. Kwa miguu, kwenye tope lile, saa mbili na nusu kwa mtu mwenye mapafu. Bodaboda wa kituoni wote walikuwa wamesindikiza mazishi Marangu. Nilipiga simu tatu, zote nasikia nyimbo za kuzikia. Daktari akafunga mkoba, Aminieli akapiga kiki. Hakuna kitu. Akapiga tena. Ile pikipiki ya kijani ilikohoa mara moja, ikanyamaza kama imekata roho.

"Daktari, wewe anza kwa miguu," Aminieli akasema, tayari ameshika spana ya plagi. "Nikiiwasha nitakukuta njiani. Nisipoiwasha, utakuwa umeshatembea."

Leodegar akaondoka anakimbia na viatu vyake vya mjini.

Plagi ilitoka imelowa. Petroli inafika. Akachukua plagi mpya, akaichomeka kwenye kepu yake, ile kofia ya mwisho wa waya, akaigusisha kwenye chuma cha injini atazame kama inatoa cheche. Mawingu yalikuwa mazito lakini mchana ni mchana, cheche ndogo haionekani.

"Mae, nipe giza."

Mae ndiyo mama kwetu. Nilivua kanga ya begani nikamfunika yeye na injini pamoja, kama tunavyomsitiri mwanamke anayejifungua. Kwa mkono mmoja nashika kanga, kwa mguu nasukuma kiki.

"Piga."

Nikapiga.

"Haipo. Tena."

Haipo. Akatoa kepu, akakata ncha ya waya mpaka shaba mpya ikaonekana, akausogeza karibu na chuma. Nikapiga. Haipo. Akafuata swichi ya kuzimia pale kwenye usukani, akachomoa waya wake kabisa, maana swichi mbovu inaweza kuzuia umeme usiende. Nikapiga. Haipo. Jasho linanitoka, mvua inaniingia shingoni, na simu inalia kifuani.

"Mama, shingo ameilaza chini. Nimemwegemeza na magunia lakini analala ubavu."

"Mwinue kifua, Eliza! Asilale ubavu, tumbo litamjaa gesi!"

"Niko peke yangu, mama!"

Dakika arobaini zilikuwa zimekwenda. Nikamgeukia Aminieli, na nilimtukana. Sitayarudia hapa, mchungaji yupo. Lililoandikika ni hili: "Unachezea vyuma na mimi ng'ombe wangu anakufa! Badilisha kitu! Badilisha chochote!"

"Sibadilishi nisichokijua. Shika kanga, mae."

Akakaa kwenye dumu lake. Alikaa, nawaambia! Nilitamani kumpiga na ile spana. Anaitazama pikipiki, anaitazama, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Anold aliifungua koili?"

Koili ni kile kidude chini ya tangi kinachoupa umeme nguvu ya kuruka kwenye plagi. Nilikijua vizuri. Mimi ndiye niliyemwonyesha Anold kwa kidole, na hapo ndani.

"Alifungua kila kitu," nikasema.

Hakuniuliza lingine. Akachuna kipande cha waya pande zote mbili, ncha moja akaibana kwenye chuma cha koili, nyingine akaikandamiza kwenye chuma kitupu cha injini.

"Piga."

Chini ya kanga pakawaka buluu. Ta! Nikapiga tena bila kuambiwa. Ta!

Alinieleza huku anafungua boliti, wala hakupandisha sauti. Koili lazima iguse fremu, chuma kwa chuma, umeme upate njia ya kurudi. Mafundi wanaita ethi. Rangi ikikaa katikati, njia imefungwa. Wiki zile tatu boliti ilikuwa imekwaruza kidogo ikawa inagusa kwa bahati, mashimo ya barabara yetu yakailegeza, ikaacha kugusa. Kibovu hakikuwapo hata kimoja. Plagi nzima, koili nzima, waya mzima. Rangi yangu tu.

Nikangoja anipasue. Alikuwa na haki. Angesema nilichokisema mimi kuhusu kutu, angesema kipaimara. Alinyoosha mkono akanipa kipande cha msasa.

"Kwangua hapa, mae. Mpaka ing'ae. Mimi nakwangua huku."

Nikakwangua. Kijani kinatoka kama ungaunga, chuma cheupe kinatokeza, machozi yananitoka na sioni vizuri, nakwangua kwa kucha. Akafunga boliti, akarudisha plagi na kepu. Akasimama, kiki moja, ikanguruma. Hakuvaa hata koti.

Alimkuta Leodegar amefika kwenye msalaba wa njia panda, kiatu kimoja mkononi. Hayo aliniambia daktari baadaye. Mimi nilibaki na kanga iliyolowa petroli, nimekaa kwenye lile dumu, simu nimeiweka chini mbele yangu kama nyoka. Ilipolia sikuweza. Kindness alitoka ofisini akaipokea, akasikiliza, akaniangalia.

"Bibi, Eliza anasema Hosana ametetemeka, amebeua, amekojoa sana. Anataka kusimama."

"Anataka, au amesimama?"

Akauliza. Akasikiliza tena, muda mrefu mno.

"Amesimama. Anamlamba mtoto."

Mahali pengine hadithi ingeishia hapo. Hapa kwetu kukawa na kikao. Wanachama waliuliza kwa nini pikipiki ya dharura ilishindwa kuwaka, na fundi yupo, na analipwa. Mwenyekiti wetu Ronald akamtaka Aminieli aeleze. Aminieli akasimama na kofia mkononi, akasema, "Ethi ilikuwa mbaya. Nilipaswa kuikagua." Akakaa. Neno rangi halikutoka mdomoni mwake. Wakamwandikia barua ya onyo, ikaingia kwenye jalada lake, ya kwanza na ya pekee katika miaka thelathini na mmoja.

Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, birika mkononi, nikanyamaza. Nilijiambia nitasema kikao kijacho. Kikapita kikao kijacho, ikapita miaka mitatu. Kila asubuhi amekunywa chai yangu na hajawahi kunitazama kwa jicho la kudai. Angenitazama hivyo mara moja tu, ningelisema siku ile ile.

Basi leo nasema. Aliyeharibu ni mimi, na Aminieli alijua tangu alipouliza habari ya koili. Mwenyekiti Ronald, jalada liko kabati la kushoto, droo ya pili, Kindness anajua. Barua hiyo itolewe leo, mbele ya watu hawa, kabla chai haijamiminwa. Mimi ndiye ninayeshika birika. Haitamiminwa.

Ushirika utampa saa ya ukutani na blanketi. Mimi nampa yule mtoto wa Hosana. Nilimwita Ethi, watu wakadhani nimefupisha Ester. Hapana. Nilitaka nikimwita nisikie aibu, na nimeisikia vya kutosha. Tangu jana ameshahamia kwenye kihamba cha Aminieli, shamba lake la nyumbani, migomba ipo, maji ya mfereji yanapita, na tumboni ana mtoto wake wa kwanza. Daktari Leodegar ameahidi kuwa karibu siku ya kuzaa, na chupa ameshaiweka.

Aminieli, baba, asante kwa maziwa yote yaliyofika. Asante kwa kunyamaza ambako sikukustahili. Uamke unapotaka, mkeo akuzoee mchana, mikono yako itoke grisi mpaka kucha zionekane rangi, na Mungu akulinde katika miaka ya kukaa. Ila kwaya uache.

Na ninyi wengine, Ethi anazaa mwezi wa tisa. Mkipanda kumwona Aminieli, zimeni pikipiki zenu pale konani chini ya nyumba yake mzisukume kwa mikono hadi getini, maana ng'ombe wa uzao wa kwanza hapendi ngurumo. Semeni shikamoo, kisha shikeni koleo mtoe samadi. Msingoje kuambiwa.