Mlinzi wa Lango la Nyuma

Benchi la kijiwe lilikuwa mbele ya kibanda cha fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Soli. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa motoni, sindano mkononi, na Soli hana raha. Ilibaki wiki moja waonyeshe mchezo wa kuigiza pale ukumbini, habari za malkia wa kale aliyemtoroka mfalme. Soli alipewa sehemu ya mlinzi wa lango la nyuma. Malkia anakuja na kifurushi chake, mlinzi anamtazama, anafungua, anasema, "Pita." Basi, haonekani tena. Kilichomsumbua Soli ni kwamba hakujua mlinzi alifungua kwa nini.

— Kapewa kitu kidogo huyo, alisema Kinyozi, jirani yake wa kibanda cha pili.

— Wapi! alidakia Tarishi, mzee aliyestaafu kazi ya kupeleka barua za ofisi. Huyo mlinzi miguu ilimuuma. Ukisimama mlangoni tangu alfajiri, hata chui utamwambia pita.

— Basi malkia ni dada yake. Tumbo moja, walipoteana utotoni.

— Dada gani? Yule ni mfalme mwenyewe, kajivika sare ya mlinzi aone kama mkewe atathubutu!

— Mfalme avae sare?

— Na masharubu ya bandia!

Wakacheka hadi benchi likalia. Soli hakucheka.

— Alimpenda, alisema, macho yake kwenye kiatu. Alizijua hatua zake kabla hajatokeza. Angemzuia, angeendelea kumwona kila siku. Akamwachia.

Wenzake wakaacha kucheka. Walijua. Miaka sita nyuma mke wa Soli, muuguzi, alipata kazi mji mwingine. Soli mwenyewe alimbebea sanduku hadi stendi, akalipandisha kwenye basi, akashuka. Hawakugombana, hawakuachana. Simu zilikuwa za kila siku, zikawa za kila wiki, zikawa za sikukuu. Mpaka leo, viatu vya raba kama vya mkewe vikipita kichochoroni, Soli huinua kichwa.

Dada mmoja mgeni alikuwa amesimama pembeni kwa mguu mmoja, ndara iliyokatika mkanda mkononi.

— Samahani kaka zangu, nimewasikia. Hilo lango si lilikuwa wazi?

— Wazi kabisa, dada.

— Na mwenye ufunguo ni huyo mlinzi?

— Ni yeye.

— Sasa mbona hakutoka naye?

Tarishi akainua kikombe, kumbe kitupu. Soli alitaka kusema kibanda, wateja, nyumba aliyoachiwa na mama, yale yale aliyomwambia mkewe pale stendi. Badala yake akaipokea ndara, akashona mkanda, dada akaivaa, akashukuru, akaenda zake.

Kisha Soli akapapasa chini ya vipande vya ngozi, akaitoa simu. Haikuwa sikukuu. Ikaita mara tatu.

— Haloo?

Sauti ile ile ya mkewe. Yote aliyopanga yakamponyoka.

— Ni mimi, alisema. Eti mke wangu, huko kwenu viatu vya watu hukatika? Fundi anahitajika?

Kinyozi na Tarishi wakasogea karibu wasikie. Ndipo Soli akasikia, upande wa pili, mkewe anavuta kiti, anakaa.