Ukuta wa Ha Mokhethi Wapimwa kwa Mizani ya Sufu

Mgeni rasmi, Ntate Mhandisi Khoabane, Chifu wetu, na ninyi nyote mliojifunika mablanketi ya sikukuu:

KARIBU
Karibu tena Ha Mokhethi. Aprili ulikaa dakika kumi, gari likinguruma. Leo umelizima. Tumefurahi, jamani, tena sana.

TULIKOTOKA
Miaka minne tumechota maji pamoja na ng'ombe. Ndipo ukatuchorea bwawa hili, ukuta wa mita nne kwenda juu, wa mawe meusi ya mlimani. Barabara ya mlimani ilipokatika tukakuuliza tufanyeje. Ukasema, "Chukueni haya ya njano ya hapa karibu. Jiwe ni jiwe."

'M'e Lineo, mama yetu na fundi wetu mkuu, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza bondeni chini ya ukuta, akakujibu, "Kwa hiyo, Ntate, blanketi ni blanketi, hata la kichanga?" Ukacheka, ukaondoka.

MAFANIKIO
Ukuta umekwisha. Umenyooka kuliko baadhi yetu tunavyotoka harusini.

CHANGAMOTO
Hata hivyo, 'M'e Lineo ana kichwa kigumu. Alichonga mawe mawili ya ukubwa mmoja, jeusi na la njano, akayapeleka kwenye mizani ya banda la sufu. Mpimaji akamwambia, "Mama, kondoo wako hawa hawanyoleki!" Jeusi likawa kilo ishirini na nane. La njano, ishirini na mbili.

Akachukua karatasi ya hesabu uliyoisahau kwetu, akabadilisha uzito wa jiwe tu. Kwako, kila mita ya ukuta ina tani kumi na tisa. Kwetu, kwa mawe haya ya njano, ni kumi na tano. Maji yatakayopenya chini yataunyanyua kwa karibu tano, zibaki kumi. Hizo kumi zinashika ardhi kwa nguvu ya tani sita. Bwawa likijaa, maji yatasukuma kwa tani nane.

Ntate, nane na sita tunazijua hata sisi tulioishia darasa la tano. Tunaogopa.

MAOMBI
Utepe ukate, mkasi ni mkali. Ila lango la maji usilifunge leo. Turekebishie barabara, tuunenepeshe ukuta kwa mawe meusi. Kubeba tutabeba wenyewe.

Ukiona 'M'e Lineo amekosea, basi lifunge. Kiti chako tumekiweka kibarazani kwake, uji wa motoho umeshamiminwa. Sisi tutakupungia mkono kutoka kilimani.

Mungu akulinde wewe na kalamu yako. Mikutano yetu humalizwa kwa kuita amani, mvua na neema: Khotso, Pula, Nala. Lakini yatazame mawingu yale, Ntate. Leo mvua hatuiiti.

Khotso! Nala!

Ni sisi, Waashi wa Ha Mokhethi.