Fundi Saa Mahfoudh na Santuri Iliyochelewa

Marehemu Mahfoudh bin Anas, ambaye khitma yake imesomwa leo hapa Azaiba, alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Machi 1941. Pasi yake inasema 1 Januari 1943. Alipoulizwa ipi ya kweli, alijibu kwamba zote mbili zimemfaa, na mpaka leo wanawe hawajui wamwamini baba au pasi.

Alisoma Kurani chuoni, kisha skuli mpaka darasa la nane, mjomba wake akamchukua kumfundisha kutengeneza saa, Darajani. Kazi hiyo ndiyo aliyokuja nayo Maskati mwaka 1974. Alifungua duka dogo sokoni Sib, na kwa miaka thelathini na sita hapakuwa na saa iliyothubutu kuchelewa mbele yake. Saa ikikosea dakika moja, yeye aliihesabu uongo.

Ndiyo maana santuri yake iliwatatiza watu. Mwaka 1966 alinunua, kwenye mnada wa nyumba ya Mgoa mmoja, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sahani moja ya santuri ya tango, muziki wa kucheza wawili wawili, iliyopigwa na okestra ya Ajentina kabla yeye hajazaliwa. Jina la okestra lilikwishafutika kwenye sahani. Ilikwenda polepole mno: fidla zikijikokota, kodiani ikihema kama mgonjwa, mwimbaji akitoa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usingizini. Majirani wa Sib walidhani ni maombolezo ya Wazungu. Loai, mwanawe mkubwa, alimwomba mara nyingi aitengeneze, naye akicheka tu. Watu wakasema mganga hajigangi, yakaisha.

Alimwoa Bi Nasriya binti Bakhit tarehe 9 Novemba 1967. Bi Nasriya ana mguu wa kushoto uliodhoofishwa na polio utotoni. Kila Ijumaa baada ya alasiri walifunga mlango wa chumba chao, santuri ikalia, na watoto wakaambiwa wazee wanapumzika.

Novemba 2023 kiharusi kilimwondolea nguvu za upande mmoja na maneno mengi. Loai, akitaka kumfurahisha, aliipeleka gramafoni kwa fundi. Ikarudi kama si ile: fidla zikikata mithili ya mkasi, kodiani ikiruka, mwimbaji amekuwa kijana mchangamfu. Hata Loai hakuitambua. Marehemu alisikiliza, akauliza, "Hawa nani? Mbona wanakimbia?"

Kisha akanyanyua mkono wake mzima, vidole vikizunguka hewani. Hasifa, muuguzi wake, alidhani vimekufa ganzi, akavikanda kwa mafuta. Asubuhi ya Ijumaa, 2 Februari 2024, marehemu alifariki dunia, akazikwa siku hiyo hiyo. Loai alibaki na swali lile la baba yake kama mwiba wa samaki kooni.

Jana alimwendea mama yake, akakiri kwamba yeye ndiye aliyemfanya baba awe mgeni mbele ya santuri yake mwenyewe. Bi Nasriya akamwambia:

"Haikuwa mbovu, mwanangu. Skurubu ya mwendo kaigeuza mwenyewe babaako, mwaka tuliooana. Mie na mguu huu nlikuwa siwezi kucheza kwa mbio zile. Kanambia, 'Wao ndo watatungoja sisi.'"

Loai akavikumbuka vile vidole vilivyokuwa vikigeuza skurubu hewani, akalia mbele ya wageni waliokuja kutoa pole, bila ya haya. Kisha akachukua bisibisi, akaigeuza skurubu kurudi nyuma, asijue kiasi gani. Nyumba ina msiba, santuri haipigwi. Mama yake alimwambia angoje mpaka eda imalizike. Kipimo unakijua mguu wake.

Marehemu ameacha mjane, Bi Nasriya. Watoto wawili, Loai na Hajar. Wajukuu watano, wa mwisho akiwa Atheer. Na saa kumi na moja ambazo wateja hawakurudi kuzichukua, zote zinakwenda sawasawa. Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze pahala pema. Apumzike kwa amani, wala asiwe na haraka. Bi Nasriya atakuja kwa mwendo wake.