Mzee Thoya na Besi ya Nyuzi Tano ya Mzamil

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi tisa katika Karakana ya Ala za Muziki ya Kamaludin, hapa Tononoka, Mzee Maxwell Thoya anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Aliingia Februari 1993 akiwa seremala kutoka Kaloleni, ameitwa kutengeneza rafu. Rafu hizo hazijakamilika hadi leo. Juma la kwanza aliona udi uliopasuka tumbo, akauomba, akauziba, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena karibu na rafu.

Ni mtu asiyetulia. Chai huinywa akitembea. Gitaa alilolifunga saa nne asubuhi hulifungua tena saa sita, kwa kuwa njiani kwenda msalani amewaza jambo.

Magitaa ya umeme yalipoanza kuletwa kwa wingi, yeye ndiye aliyejifunza kazi ya pikapu, yaani vile vipande vya sumaku na waya vinavyokaa chini ya nyuzi na kunasa mtikisiko wake. Mwaka 2004 alikwenda ofisi ya vifurushi Mwembe Tayari, akasema amekuja kuchukua pikapu mbili kutoka Nairobi. Karani akamtazama, akamwambia kwa adabu, "Mzee, magari hayashushwi hapa." Alirudi na pikapu zote mbili ndani ya mfuko wa shati.

Bendi za hotelini, kwaya za makanisa na vikundi vya taarabu vya Mji wa Kale, wote wamepita mezani pake. Lakini kazi iliyomsumbua kuliko zote ilikuja Machi mwaka huu.

Mzamil, mpiga besi wa kikundi kimoja cha Kibokoni, alileta gitaa lake la nyuzi tano likiwa na pikapu zilizokufa. Alitaka mpya kabla ya harusi ya dada yake. Uchaguzi wenyewe si mwepesi. Pikapu ya koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, ina sauti tamu na ya wazi, ila hunasa mvumo wa taa na nyaya za ukumbini. Ya koili mbili hainasi mvumo, lakini huweza kuufanya uzi wa tano, ule mnene, usikike kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Na mahali pa kuiweka pia pana neno: karibu na shingo sauti hunona, karibu na daraja la nyuzi hukauka na kupata makali.

Mzee Thoya akaweka mbili za koili moja. Siku ya pili Mzamil akarudi.

"Walahi mzee wangu, gitaa lavuma. Lalia kama mbu."

Mzee akaliunganisha, akainamisha kichwa. "Mbu gani? Hapa hamna kitu."

Sisi sote tulimsikia mbu huyo. Hakuna aliyefungua kinywa.

Katika majuma mawili alizibadilisha pikapu mara nne. Kila mara alizisogeza karibu zaidi na daraja, sauti ikazidi kukwaruza, naye akasema bado imefifia. Besi nyingine mbili zikarudishwa na wateja, lalamiko lile lile. Chakula chake cha mchana kilirudi nyumbani kama kilivyokuja. Alikuwa akienda mlangoni, akirudi mezani, akienda tena, na harusi inakaribia.

Hatimaye Mwikali, fundi aliyefanya kazi meza moja naye kwa miaka kumi na mmoja, akazima feni.

"Mzee Thoya, mvumo upo. Sote twausikia isipokuwa wewe."

Mzee akaweka chini chuma cha kulehemu. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Na mkanyamaza."

"Tulikuhofia."

"Mlinihofia mimi, mkamwachia Mzamil mbu."

Akatoka bila kofia. Siku mbili hakuonekana, wala simu hakushika, na Bwana Kamaludin akaanza kuuliza kimyakimya nani ataweza kazi ile. Siku ya tatu Mzee aliingia na karatasi ya daktari, akaibandika ukutani kila mtu aisome: sauti nyembamba zilikuwa zimehama masikio yake, nene zilikuwa zimebaki. Ameruhusu jambo hili liandikwe humu. Tena ameamuru.

"Za juu utanisikilizia wewe," alimwambia Mwikali. "Za chini bado ni zangu."

Wakafanya kazi asubuhi nzima. Mzee alipiga uzi mnene huku amebana taya kwenye ubao wa gitaa, Mwikali akiwa upande wa pili ameziba macho kwa kiganja.

"Sogeza mbele."

"Hapa?"

"Umezidisha. Rudisha kidogo. Hapo hapo, usiguse!"

Ikawa pikapu moja tu, ya koili mbili, vidole vitatu mbele ya daraja. Hapo uzi wa tano ulitamka bila blanketi, na sauti haikukonda. Mzamil alisikitika, kwani alizoea gitaa lenye mbili. "Ya pili itakuwa pambo," Mzee alimwambia. "Pambo mwachie bibi harusi."

Siku ya harusi Mzee aliuzunguka ukumbi mara tatu, kiganja ukutani, taa zote zikiwaka. Kila alipopita mbele alimtazama Mwikali, na kila mara Mwikali alitikisa kichwa: hakuna kitu. Shangazi zake Mzamil wakainuka kucheza.

Tangu siku hiyo hakuna besi iliyotoka hapa bila kupitia kwa wote wawili. Juma lililopita Mwikali alifungua besi ya kanisa moja la jirani ili aisafishe. Chini ya pikapu, kwenye mbao, akakuta maandishi ya penseli ambayo hakuwahi kuambiwa habari zake: "Kazi ya Mwikali. Thoya msaidizi." Amefungua nyingine tatu. Zote zimeandikwa hivyo.

Mzee Thoya, tunakushukuru kwa kila ala uliyoifufua, na zaidi kwa kurudi siku ile na karatasi mkononi. Wewe na mkeo, Mama Rosebella, Mungu awajalie afya na siku nyingi za furaha. Ukichoka kupumzika, nasi twakujua, mlango uko wazi.