Bi Sijaona na Kiwanja cha Cibitoke

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Sijaona Atumani anastaafu baada ya kuitumikia idara ya bustani za jiji letu la Bujumbura kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kwa kumwagilia miche kitaluni, akawa msimamizi wa upandaji, kisha akakabidhiwa kitalu kizima. Miti mingi inayotia kivuli mtaa wa Mutanga Nord ilipita mikononi mwake. Aliwahi kumtoa kitaluni mkurugenzi aliyekanyaga tuta, na mkurugenzi akatoka.

Wenzake tungependa kueleza kwa mpangilio kazi yake kubwa kuliko zote, yaani mashindano ya bustani na usafi ya mwaka jana. Tumejaribu mara kadhaa. Kila tukifika katikati, hatujui kama tunasimulia ushindi au kushindwa.

Huko Cibitoke, jirani na gereji, kulikuwa na kiwanja cha jiji kilichogeuzwa jalala. Uamuzi ulikwisha kutolewa: kikishika mojawapo ya nafasi tatu za kwanza katika mashindano, kitabaki bustani ya wakazi, kikikosa, kitakuwa maegesho ya malori. Bi Sijaona anaishi mtaa huo, na wajukuu wake walikuwa wakicheza ukingoni mwa mfereji kwa kukosa mahali pengine. Kwa miezi mingi aliondoa taka pamoja na majirani, akapanda maua na nyasi za pasipalamu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ukaguzi ilikuwa siku ya kazi za jumuiya, naye Bi Sijaona alikuwa kazini Kibenga. Mkuu wa mtaa, Bwana Népomuscène, aliwatangazia wakazi kwamba majaji wanakuja, hivyo usafi uwe wa kweli. Aliyelelewa katika mji huu anajua maana yake: uwanja safi ni ule uliopaliliwa na kufagiliwa hadi udongo uonekane, pasiwe na jani la kuficha nyoka. Watu walikuja na majembe na fagio, wakafanya kazi kwa moyo mmoja. Bi Sijaona aliporudi, walimpokea kwa vigelegele.

“Mama, ona! Hata jani moja haikubakia!” alisema Bwana Népomuscène, jasho likimtiririka.

“Na pasipalamu yangu?”

“Ile majani? Tuliitoa mupaka na mizizi.”

Vigelegele vikanyamaza. Bi Sijaona alikikagua kiwanja kitupu kutoka ukingo hadi ukingo, akasema, “Basi kila mutu alete kitu chenye kinaota kwake.”

Wakaleta. Bi Daphrose, muuza mboga, alileta debe lililopandwa lengalenga, yaani mchicha. Yakaja masufuria yaliyotoboka yenye vitunguu, asumini kutoka uani mwa msikiti, na mawaridi ya parokia. Huseni, fundi wa magari, alileta mgomba uliopandwa ndani ya tairi.

Jumatatu, kiongozi wa majaji, Bi Annick, alikizunguka kiwanja, akarudi alikoanzia, akazunguka tena.

“Hii ni bustani ao ni soko?” aliuliza.

“Ni bustani, madamu,” Bi Daphrose alimjibu. “Lakini lengalenga ni yangu.”

Kiwanja kilipewa nafasi ya kwanza kwa usafi na ya mwisho kwa bustani. Nusu ya mtaa ilicheza ngoma, nusu ikaomboleza, na baadhi ya watu walifanya yote mawili. “Sasa tumeshinda ao tumeshindwa?” aliuliza Huseni. Bi Annick alikiri kwamba naye hajui, kwa kuwa kanuni hazikueleza nafasi hizo zijumlishwe vipi.

Hatimaye wakubwa wa jiji waliamua kwamba mtaa umeshindwa. Maofisa walifika kusawazisha ardhi kwa ajili ya malori, wakamtaka kila mwenye mmea auondoe kwanza. Bi Daphrose aliinamia debe lake, akautazama mgomba wa jirani, akainuka.

“Mi siwezi toa mbele yako, Huseni. We anza.”

“Apana, mama. Mukubwa ndiye anaanza.”

“Mukubwa ni nani? Unaniita muzee?”

Bwana Népomuscène alisema kiongozi hutoa cha kwake baada ya watu wake. Watu wa msikiti waliwapisha watu wa parokia, nao wa parokia wakakataa heshima hiyo kwa unyenyekevu. Maofisa walisubiri, wakaondoka. Waliporudi wiki iliyofuata, waliukuta ukarimu uleule. Mpaka leo malori yanaegeshwa kwingine. Kila jioni wakazi huja kumwagilia mimea ambayo, kwa maelezo yao, wataiondoa kesho, na watoto hucheza katikati ya madebe. Idara haijui kama mahali hapo pahesabiwe kuwa bustani, shamba au maegesho.

Kuanzia Julai, Bi Sijaona hatakuwa tena mtumishi wetu. Atakuwa mkazi wa Cibitoke mwenye debe la mchaichai katikati ya kiwanja hicho. Tulimwuliza kwa heshima ataliondoa lini. Akajibu kwamba yu tayari kabisa, wenzake wakishamaliza.

Asante, Bi Sijaona. Mungu akujalie afya, mapumziko, na mvua inayonyesha kwa wakati wake.