Sweta Hufumuliwa Kuanzia Shingoni

Zimeni hiyo redio, fungeni mlango. Wewe mwanangu fundi bomba, ondoka hapo dirishani unapojifanya unaangalia wapita njia, njoo ukae hapa karibu na miguu yangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kupimwa kwa kijiko na sitaki kuimwaga kwa kupiga kelele. Mkamwana wangu, kaa kwenye kiti changu cha kufumia. Ndiyo, hicho hicho chenye mto. Na wewe binti yangu, kifungua mimba wangu, usimkazie mwenzako macho, kiti ni changu na bado sijafa.

Nisikilizeni basi, na asinikatize mtu. Daktari aliwaambia kule koridoni, akidhani masikio yangu nayo yamelazwa, kwamba mnirudishe nyumbani nikapumzike. Nimefua mashuka ya hospitali ile miaka thelathini na moja, nawajua wanaoambiwa maneno hayo. Siogopi. Mama yangu ametangulia, baba yenu ametangulia, na njia ni hiyo hiyo moja. Lakini nina hasira, wanangu, nina hasira mpaka dawa hazishuki, na nitaisema kwanza kabla sijagawa hata kijiko, kwa sababu mzee akifa na kinyongo huwaachia wanawe wakibebe, nanyi mna vya kwenu vya kutosha.

Nililazwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili narudi, nimeshikwa mkono huku na huku kama bibi harusi, nafungua mlango wa chumba changu, nakuta nini? Sakafu inang'aa. Dirishani pazia jipya. Chumba kizima kinanuka ile sabuni ya hotelini kwako, binti yangu, kule unakosimamia wasafisha vyumba. Na nyuma ya mlango, palipokuwa na mifuko yangu sita, peupe. "Mama, tumekusafishia," ukaniambia, ufagio bado mkononi. Tumekusafishia! Mifuko sita, kila mmoja na rangi yake, mekundu peke yake, ya kijani peke yake, masweta yaliyochaguliwa moja moja, yakaondoka na gari la taka asubuhi moja kwa sababu mtu mzima na akili zake timamu aliyaona matambara.

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini leo wewe utaambiwa kwa lazima. Si kila sweta la mitumba linafaa. Unaligeuza ndani nje, unaangalia mshono wa ubavuni. Likiwa limekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine kama shati, achana nalo, kila mstari utakukatikia mkononi. Likiwa limefumwa kila upande peke yake kisha ndipo likaunganishwa, hilo ni mali. Mkamwana wangu huyu, anayeshinda juani sokoni kwenye meza yake ya mitumba, kila akifungua mzigo alikuwa ananitengea mawili, matatu, anakuja nayo jioni ameyabana kwapani: "Mama, hebu ona hili, mshono wake mtamu." Tunafumua, mmoja anavuta, mwingine anazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti hicho, tunaufunga mahali panne usitatanike, tunauosha kwa maji ya uvuguvugu, kisha tunautundika na chupa iliyojaa maji chini yake ili uzito uunyooshe, maana uzi uliokaa miaka ndani ya sweta huwa umejikunja na hauamini kwamba umeachiwa. Hiyo ndiyo starehe yangu. Wengine wana runinga, wengine wana umbea, mimi nina uzi. Sikumkalia mtu kichwani, sikumwomba mtu nafasi ila hiyo ya nyuma ya mlango.

Hata hivyo hilo ningelimeza. Nyuzi hutafutwa zikapatikana. Lisilomezeka ni lile nililolikuta siku ya tatu, nilipoinama kutafuta soksi chini ya kabati nikagusa boksi la viatu ambalo si langu. Nikalivuta, nikafunua. Ndani, sweta la kahawia la baba yenu. Nasema sweta, lakini lilikuwa vipande.

Mnalijua sweta lile. Nililifuma mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa uzi nilioufumua kutoka kwenye shali ya mama yangu mzazi, na baba yenu akalivaa miaka ishirini na miwili akipanga barua kule posta, kwenye meza iliyo karibu na dirisha bovu, mpaka viwiko vikatoboka nikavitengeneza mara tatu. Sufu ya kweli, si haya mambo ya plastiki. Nikalishika. Wanangu, mikono hii inasoma. Ukingo wa chini ulikuwa umevutwavutwa mpaka vitanzi vimekazana, hakuna hata kimoja kilichoachia, na juu yake tu ndipo mkasi ulipoingia. Nikajua kwamba mtu alitaka kufumua, akaanzia chini. Sweta lile lilifumwa kuanzia chini kupanda juu, na sweta la namna hiyo hufumuliwa kuanzia shingoni kushuka. Ukianzia chini linagoma, ukivuta linazidi kugoma. Mkamwana wangu analijua hilo hata usingizini. Mwanangu wa kiume hajawahi kugusa uzi ila wa kufungia bomba. Nikabaki na mtu mmoja.

Jana nikakuuliza, binti yangu, na hukukana, kwa hilo nakupa heshima yako. Ulilia, ukasema, "Nilidhani unampa yule. Nilitaka niufumue uzi wa baba niutunze kwangu, ukanishinda, nikapandwa na hasira." Yule! Mdogo wako ameoa mwaka wa nne huu, na mpaka leo hujamwita huyu wifi. Ni yule tu. Yule wa mitumba. Siku ya harusi ulisema mbele ya wageni kwamba mdogo wako ameoa gunia, nikakusikia, wote wakakusikia, na tangu siku hiyo wewe na mdogo wako hamjapeana hata habari za asubuhi, mnapishana mlangoni kwangu, mmoja akiingia mwingine anakumbuka ana safari. Nawe mwanangu usicheke chini chini, zamu yako hii hapa. Mwaka jana dada yako alikuwa kitandani wiki mbili na homa. Ukaenda kuzibua bomba la jirani yake, ukuta kwa ukuta, na hukubisha hodi. Ulikuja kunisimulia mwenyewe, tena kwa kujisifu! Niliona aibu kukuzaa. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani muda utawafundisha, kumbe usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe umenijengekea ndani ya chumba changu cha kulala.

Sasa binti yangu, shika huo ubao wa kitanda unisikilize vizuri. Mwezi wa pili ulikuja hapa umechoka, ukala, ukajinyoosha kwenye kochi ukapitiwa na usingizi, mdomo wazi, mkono unaning'inia. Nikachukua kipande cha uzi, nikakupima. Mkono, kutoka begani mpaka kifundoni. Mabega. Kifua, hapo nilipata taabu kwa sababu unakoroma. Kila kipimo nikakifungia fundo. Uzi ule umo kwenye mkebe wa vifungo. Mkamwana wangu, utoe umpe. Usiuweke mezani, mpe mkononi.

Pima mwenyewe, basi. Fundo la kwanza linaishia wapi? Sweta la baba yako lilikuwa lako. Nilitaka nilifumue nikufumie wewe, kwa sababu kila ukija hapa unachagua kukaa upande wa dirisha halafu unajikunyata kama yeye. Na aliyesema nianze na wewe, kabla ya mumewe, kabla ya nafsi yake, ni huyo unayemwita yule. "Dada ndiye anayemkumbuka baba zaidi," ndivyo alivyoniambia, akiwa amekaa hapo hapo alipo sasa. Umechukua mkasi ukakata la kwako mwenyewe, mwanangu. Hasira hasara, waliosema hawakukosea.

Lia. Sijakukataza kulia. Ila ukilia, masikio yabaki wazi, sina nguvu ya kusema mara mbili.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimehesabu vipande vyako vya uzi, ni mia mbili na kumi, na kifupi kabisa kina urefu wa mkono. Sufu ya kweli huungwa bila fundo: unazichambua ncha mbili zilainike, unazilowesha, unazilaza moja juu ya nyingine, unazisugua viganjani mpaka vipate moto, zinashikana zinakuwa uzi mmoja, na hata mimi baadaye siwezi kukuonyesha zilipoungwa. Kazi hiyo mtu mmoja na bakuli lake la maji anaiweza. Mimi nimeifanya peke yangu maisha yangu yote. Lakini naagiza muwe wawili. Binti yangu ashike ncha moja, mkamwana wangu ashike ya pili, na viganja visuguane. Kila Jumamosi, humu humu ndani, mpaka boksi liwe tupu. Mkitaka kununiana nunianeni, mdomo ni wenu, ila mikono ifanye kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe mwanangu utakuwa unachemsha chai na kuwabadilishia maji, hutaki utafanya. Uzi ukishakuwa mmoja, mkamwana atamfundisha wifi yake kufuma, na sweta atalifuma yeye mwenyewe kwa kipimo hicho alichoshika. Likitoka baya atalivaa hivyo hivyo.

Haya, mengine ni madogo. Nyumba hii, chumba hiki na kile cha mbele, ni yenu wawili niliowazaa, sawa kwa sawa, na haiuzwi maadamu kuna mmoja wenu anayehitaji pa kulaza ubavu. Sindano zangu zote, za mianzi na za chuma, pamoja na kiti hicho, ni vya mkamwana wangu, na asiulizwe na mtu yeyote kwa nini. Mkebe wa vifungo ni wako, mwanangu, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulimeza viwili na kimoja nakisubiri mpaka leo.

Fundi viatu hapo pembeni ananidai soksi moja. Ya mguu wa kulia nilimpa tangu mvua zilizopita, na kila nikipita ananinyooshea mguu wa kushoto. Imo kwenye sindano nne juu ya kabati, imebaki kisigino na kidogo cha unyayo. Mmalizieni, nisiende na deni la mguu wa mtu. Kofia ya kinyozi imekwisha, imo kwenye droo, mpelekeni, maskini kichwa chake hakina unywele hata mmoja na bado anatunyoa kwa majivuno. Blanketi la vipande la wenzangu wa kule kufulia limefika vipande arobaini na kimoja, bado saba, tumieni uzi wa rangi yoyote mtakayopata, kwa kuwa rangi nilizokuwa nimeziweka mnajua zilikokwenda. Na yule msimamizi aliyenipekua begi mbele ya wenzangu akidhani nimeiba mashuka, akakuta sweta bovu la kufumua, akanicheka mwaka mzima, nimejaribu kumsamehe. Nimejaribu kweli. Akija mazikoni mpeni kiti, ila msimpe cha mbele.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Leteni mikono. Yote, na wewe mkamwana. Mbona ya baridi hivi? Radhi zangu nawapa nyote watatu, hata wewe wa mkasi, hasa wewe wa mkasi. Mikono hii isikose kazi. Milango yenu isikose wa kubisha hodi, na akibisha afunguliwe. Mkikosana, na mtakosana, mpatane chai ikingali moto. Mungu awatunze kuliko nilivyowatunza mimi, nami nilijitahidi.

Bado moja. Hili nililovaa... hili sweta. Mkinivua, msinizike nalo. Najua mtasema alilipenda. Nalipenda, ndiyo maana sitaki lioze. Lifumueni. Kuna mtoto atazaliwa, kuna mzee ataona baridi, mtajua wenyewe. Uzi wa mwisho sikuukata mfupi. Nimeuacha mrefu, nikauficha ndani ya ukosi, upande wa kushoto. Mtaupata kwa vidole. Niliwaachia kusudi.

Binti yangu. Sogea. Unaanzia wapi?

Ehe. Shingoni.

Polepole. Ukikwama usivute. Ukikwama... mwite mwenzako. Mwite sasa, nisikie. Usiniangalie mimi, mwangalie yeye. Si yule. Lile jina lake la humu ndani.

Kwa sauti, mwanangu. Masikio yanakwenda.

Rudia. Bado nasikia kidogo.